Sebule ndogo na amplifaya ya wati 40: ninunue spika gani za rafuni?

*"Habari mtaalamu. Nimepanga nyumba Ntinda, Kampala. Sebule yangu ina urefu wa mita 3.6, upana wa mita 3, na dari iko mita 2.7 juu. Kuta ni za matofali na plasta, sakafu ni ya vigae. Nina amplifaya ya stereo ya wati 40 kila upande. Nyuma yake pameandikwa spika ziwe za omu 6 hadi 16. Spika nilizorithi zina wufa (zile koni za besi) za inchi 8 na zimekaa kwenye pembe mbili za chumba. Gitaa la besi likishuka chini, noti fulani zinanguruma hadi vioo vya dirisha vinatetemeka, na nyingine karibu hazisikiki. Nimetenga shilingi 1,500,000 za kununua spika ndogo za rafuni. Muuzaji mmoja mjini ananiambia nichukue za wati 200 ndipo nitapata besi. Rafiki yangu ananionya kwamba za wati 200 zitaua amplifaya. Mwingine anasema ninunue vispika vidogo kabisa pamoja na sabufa, ile spika ya besi peke yake. Nasikiliza zaidi kadongo kamu, rumba na kwaya, kwa sauti ya kadiri, maana majirani tunatenganishwa na ukuta tu. Nimfuate nani?"*

Ndugu yangu, usimfuate yeyote kati yao kwa sasa. Wote watatu wamekujibu kuhusu spika, na shida yako imeanzia kwenye chumba. Ukinunua spika mpya leo, ziwe nzuri namna gani, ukaziweka kwenye zile pembe mbili, ngurumo utaikuta palepale.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, fanya jambo moja usiku wa leo. Zitoe hizo spika za inchi 8 pembeni, uzisogeze kama sentimita 60 kutoka kila ukuta, hata kama zitaziba njia kwa saa moja. Vuta na kiti chako kitoke ukutani. Piga wimbo uleule unaokuudhi. Ngurumo itapungua, pengine sana. Haitakwisha, lakini utakuwa umesikia kwa masikio yako ni kiasi gani cha kelele ile kilikuwa cha kuta wala si cha spika.

Sababu yake ni hii. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde, na mawimbi ya besi ni marefu: noti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 7. Wimbi hilo hugonga ukuta na kurudi. Pale nusu ya urefu wake inapolingana na umbali wa kuta mbili zinazotazamana, wimbi linalokwenda na linalorudi hujengana, na noti hiyo hukaa chumbani ikivuma hata baada ya mpigaji kuinua kidole. Kujua noti zenyewe, gawa 343 kwa mara mbili ya kila kipimo cha chumba. Urefu wako wa mita 3.6 unakupa hezi 48 hivi, upana wa mita 3 unakupa 57, na dari ya mita 2.7 inakupa 64. Tazama zilivyobanana. Sasa linganisha na gitaa la besi la nyuzi nne: uzi wake mnene ukiwa wazi ni hezi 41, G ya chini ni 49, A ni 55, B inakaribia 62. Noti za chini kabisa za mpiga besi zinaangukia hapo hapo ambapo chumba chako kinapenda kuvuma. Spika ikiwa kwenye pembe, inavichochea vipimo vyote vitatu kwa mpigo, maana kuta mbili na sakafu zinakutana pale, na kila ukuta au sakafu iliyo karibu namna hiyo inaweza kuiongezea besi hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Hizo noti "zisizosikika" nazo zina maelezo: mawimbi yanajengana mahali fulani na kufutana mahali pengine, na kiti chako huenda kimekaa kwenye eneo la kufutana.

Hapa ndipo ushauri wa muuzaji wa kutafuta besi zaidi unapoanguka. Spika yenye wufa ya inchi 8 au boksi kubwa hutoa hezi 40 hadi 60 kwa nguvu kamili, na chumba cha ukubwa wa chako kinaongeza juu yake. Spika yenye wufa ya inchi 5 kwa kawaida huanza kuishiwa nguvu kuelekea hezi 60 au 55, na ukuta ulio nyuma yake hurudisha sehemu ya kilichopungua. Upungufu wa spika na ziada ya chumba vinakutana, unabaki na besi inayofuata muziki. BBC ya Uingereza ililijua hili zamani. Miaka ya 1970 mafundi wake walihitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali finyu kuliko sebule yako, wakaunda LS3/5A: boksi lililofungwa lenye ujazo wa lita 5 hivi, wufa ya inchi 5, na mkazo wote ukawekwa kwenye sauti ya mtu kusikika kama ya mtu. Spika hiyo bado inatafutwa hadi leo. Sisemi ukainunue, bei yake ipo mbali na bajeti yako na inahitaji nguvu nyingi. Nimeitaja kwa sababu waliitengeneza wakianzia na chumba.

Wati

Muuzaji na rafiki yako wote wawili wamelishika neno wati vibaya. Wati zilizoandikwa kwenye spika zinaeleza inaweza kuvumilia kiasi gani kabla haijaungua. Hazisemi italia kwa nguvu gani, na hazinyonyi chochote kutoka kwenye amplifaya. Spika ya wati 200 haiwezi kuua amplifaya ya wati 40 kwa sababu ya namba hiyo, na pia haitakupa besi kwa sababu ya namba hiyo. Na ukiona herufi PMPO kando ya maelfu ya wati, namba hiyo ni tangazo tu, usiifanyie hesabu.

Namba ya kuuliza ni usikivu wa spika, yaani desibeli ngapi zinatoka kwa volti 2.83 ukiwa mita 1 mbele yake. Kwa spika ya omu 8, volti hizo ni sawa na wati 1. Chukua spika ya desibeli 86. Ukikaa mita 2 unapoteza hadi desibeli 6, spika ya pili inakurudishia kama 3, kuta za chumba kidogo zinarudisha kidogo tena. Unabaki na karibu desibeli 85 kwa wati moja tu kila upande, na hiyo tayari ni sauti ambayo jirani yako ataisikia. Ndiyo kiwango ambacho taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, imekifanya kikomo kwa mtu anayekaa kwenye kelele saa 8. Wati 10 zinakupeleka 95. Wati zako 40 zinazidi mahitaji yako yote. Tafuta spika za desibeli 85 hadi 88 na uache kuhangaika na nguvu. Angalia mtego mmoja: spika ya omu 4 inayodai desibeli 88 kwa volti 2.83 inakula wati 2 kufika hapo, kwa hiyo ukitaka kuilinganisha kwa haki itoe desibeli 3.

Kinachoweza kweli kuumiza amplifaya yako ni hizo omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Imeandikwa 6 hadi 16, basi nunua za 8, au za 6. Za 4 ziache, maana zinavuta mkondo mkubwa kuliko ilivyoundwa kutoa, nayo itapata moto au kujizima. Kama ina matundu ya A na B, usiunganishe spika mpya na zile za zamani kwa pamoja: jozi mbili za omu 8 zikilia sambamba, amplifaya nyingi huziona kama omu 4. Spika isiyo na maandishi ipime kwa mita ya fundi ikiwa haijaunganishwa popote. Ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 husoma 3 na ushei.

Na kinyume na hofu iliyozoeleka, twita nyingi (zile spika ndogo za sauti za juu) huungua kwa amplifaya ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho. Ikizidiwa hukata vichwa vya mawimbi, sauti inakuwa ya kukwaruza, na nishati ya ziada inakimbilia juu kwenye twita ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele. Ukisikia mkwaruzo, punguza mara moja.

Boksi lililofungwa au lenye tundu

Spika nyingi za rafuni zina tundu la kupumulia. Linaongeza besi karibu na masafa fulani, mara nyingi hezi 50 hivi, halafu chini ya hapo sauti inaporomoka ghafla. Boksi lililofungwa linaanza kupungua mapema, lakini kwa mteremko wa taratibu, na ndilo linaloelewana vizuri na ukuta ulio karibu. Tatizo ni kwamba madukani ni adimu. Basi ukipata lenye tundu mbele, chukua. Lenye tundu nyuma nalo si la kukataliwa, ila liachie angalau sentimita 15 hadi 20 za hewa. Kama bado linavuma, kunja soksi safi uzibe nayo tundu, zote mbili sawasawa. Wapo watengenezaji wanaoweka sponji ya kazi hiyo ndani ya katoni. Besi itapungua wingi na kupata unyoofu.

Kwa chumba chako na muziki wako, ningechagua wufa ya inchi 5 au 5 na robo, omu 8 au 6, desibeli 86 au zaidi. Inchi 6 na nusu inawezekana endapo utakubali kuitoa nusu mita au zaidi kutoka ukutani kila unaposikiliza, na sebule ya mita 3.6 haina nafasi ya kuchezea. Inchi 4 ni nzuri kwa mezani. Kwenye rumba utaona besi imekonda na sauti za wanaume zimepoteza kifua.

Sabufa aliyoitaja yule mwingine ina hoja ya kweli: unaweza kuiweka mahali tofauti na spika, ukatafuta sehemu ambayo chumba hakivumi sana, kisha ukaikata kwenye hezi 80 isilie juu ya hapo. Lakini besi ya hezi 40 hupita ukuta wa tofali bila kubisha hodi, nawe una jirani upande wa pili. Anza na spika mbili. Ukae nazo miezi kadhaa. Ukiona bado una kiu, nunua sabufa yenye matundu ya kupokea waya za spika moja kwa moja, ikiwa amplifaya yako haina tundu lake.

Dukani, na kwenye mitumba

Nenda na muziki wako kwenye simu au kwenye flashi. Kadongo kamu ni kipimo kizuri mno, maana ni gitaa moja na mtu anayesimulia. Mwombe muuzaji apunguze sauti hadi kiwango cha maongezi. Je, kila neno linasikika mwanzo hadi mwisho, au unalazimika kukisia? Kidole kikigusa uzi, unakisikia? Herufi s na sh zinachoma sikio? Kisha weka kwaya, uone kama sauti ya pili na ya tatu zinatengana au zimekuwa uji. Besi iache mwisho, kwa sababu besi ya dukani ni ya chumba cha duka. Ukilinganisha jozi mbili, hakikisha zinalia kwa kiwango kimoja. Inayolia zaidi kidogo huonekana bora hata kama si bora, na wauzaji wanalijua hilo. Ukiweza kukubaliana uzijaribu nyumbani siku 2 kwa kuweka amana, hapo umepata kuliko maelezo yote haya.

Kwa bajeti yako, mitumba mizuri kutoka Ulaya inaweza kukupa zaidi ya mpya za bei hiyo, ila lazima uvue wavu wa mbele. Angalia ule mkanda unaozunguka koni ya wufa. Wa mpira ni mweusi, laini, unarudi ukiubonyeza. Wa sponji ubonyeze polepole kwa ncha ya kidole: ukiacha unga kidoleni, au ukinata kama lami, umekwisha. Sponji huoza yenyewe kwa miaka 10 hadi 20, na joto pamoja na unyevu vinaiharakisha. Fundi mzuri anaweza kubandika mkanda mpya, kwa hiyo ondoa gharama hiyo kwenye bei. Baadaye weka vidole vinne kuzunguka kitovu cha koni, uisukume ndani kwa usawa, kidogo sana. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama kucha kwenye karatasi, koili inagusa sumaku, hiyo rudisha. Hakikisha wufa mbili zinafanana hadi kwenye skurubu. Ya kulia ikiwa na skurubu zilizochunika na ya kushoto hazijaguswa, moja imebadilishwa. Twita sikiliza kila moja peke yake kwa kuweka sikio karibu, muziki ukiwa chini.

Kama unanunua na amplifaya nyingine siku moja, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka. Zilizotoka Japani ni za volti 100. Kwenye volti 240 zetu inakufa ndani ya sekunde.

Kuzipanga

Usizimalize 1,500,000 zote kwenye spika. Bakiza kama 250,000 za stendi, waya na zulia. Neno "za rafuni" limewapotosha wengi; ukizisukumia ndani ya kabati la TV, boksi la kabati linakuwa spika ya tatu. Mafundi wa kuchomelea wa Katwe watakutengenezea stendi za bomba la mraba kwa vipimo vyako. Urefu wa sentimita 60 hadi 70 huileta twita karibu na sikio la mtu aliyekaa. Jaza mchanga mkavu ndani ya bomba, na kitako kiwe kipana, hasa kama kuna watoto.

Ziweke kwenye ukuta mfupi wa mita 3, zitazame urefu wa chumba. Kati ya spika na spika iwe mita 1.7, ili kila moja iwe sentimita 65 kutoka ukuta wa ubavuni. Uso wa spika uwe sentimita 35 hivi kutoka ukuta wa nyuma yake kama boksi na tundu vinaruhusu. Hapo kuna jambo linaloshangaza: kuivuta spika hadi mita 1 si lazima kuboreshe, kwa sababu sauti inayorudi kutoka ukuta huo hufuta masafa ya karibu hezi 86, katikati ya besi. Kwa sentimita 35 mfutano unapanda hadi hezi 245 hivi, na huko juu spika huanza kutupa sauti mbele zaidi ya nyuma, kwa hiyo madhara yake ni madogo.

Kiti kisikae katikati kabisa ya chumba, mita 1.8, wala kisiegemee ukuta wa nyuma. Pajaribu mita 1.3 hadi 1.4 kutoka ukuta wa nyuma. Najua sebule nyingi sofa limebandikwa ukutani na hakuna pa kulipeleka. Basi tafuta kiti kimoja chepesi cha kusogeza unapotaka kusikiliza kwa makini, na wakati mwingine punguza kitufe cha besi bila kuona aibu.

Piga kofi moja ukiwa pale. Ukisikia mlio wa "trrr", ni vigae na plasta vinavyorushiana sauti. Zulia nene kati yako na spika na pazia zito vitasaidia sana huko juu, lakini kwenye hezi 50 havifanyi kitu. Trei za mayai ukutani usisumbuke nazo: besi haiguswi nazo, na zinashika moto upesi.

Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 unatosha kwa mita 3 hadi 5. Epuka wa alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua uzi kwa wembe unaona weupe ndani. Chanya iende kwenye chanya pande zote mbili. Ukikosea upande mmoja, besi inatoweka na mwimbaji anapoteza mahali pake katikati. Kama huna hakika ya alama za spika ya mtumba, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu kwenye waya zake, amplifaya ikiwa imeondolewa: koni ikiruka mbele, upande wa chanya wa betri ndio chanya ya spika.

Mwisho washa programu ya kutoa milio kwenye simu, anzia hezi 100 ushuke taratibu hadi 40, sauti ikiwa ndogo. Karibu na 64, 57 na 48 utasikia chumba kinavimba. Tembea ukisikiliza pia vyuma vya dirisha, kioo, fremu ya picha; kipande cha mpira au karatasi iliyokunjwa kinanyamazisha vingi. Na umeme ukikatika, zima amplifaya kwa mkono kabla haujarudi, maana kishindo cha kurudi kwa umeme kinafika moja kwa moja kwenye koni.

Kuna mambo ya kutoyatatua kwa simu. Ukigusa chuma cha amplifaya ukasikia kama sindano, au ikinuka kuungua, au koni ikivutwa ndani na kubaki huko mara unapowasha, chomoa na umwite fundi wa elektroniki. Kuhusu ile sindano, akague pia waya wa ardhi kwenye soketi za nyumba. Masikio yakilia baada ya kusikiliza na yasitulie kesho yake, mwone daktari wa masikio. Na kama baada ya kuhamisha spika na kiti bado kuna noti moja inayokushinda, mtafute mtu mwenye maikrofoni ya vipimo aje na kompyuta yake. Programu ya Room EQ Wizard ni ya bure, na kipimo cha nusu saa pale kwenye kiti chako kitamwonyesha ni masafa gani hasa ya kupunguza na kwa kiasi gani.